M. Sugden, Kinanda

Mgeni alibisha hodi Jumanne asubuhi, Janice Sugden akiwa jikoni anamenya viazi vya pai. Mumewe Malcolm ndiye aliyefungua mlango. Alidhani ni yule jamaa wa kusoma mita ya gesi, akaanza kumwelekeza iliko, kabatini chini ya ngazi. Kumbe mgeni hakutaka mita. Alikuwa mwanamume wa miaka sitini na kitu, koti la mvua amelifunga hadi kidevuni, mfuko wa kitambaa ameukumbatia kifuani, na alimtazama Malcolm kwa heshima ambayo hakuna mtu mwingine katika mji mzima wa Huddersfield aliyewahi kumpa.

"Wewe ndiye M. Sugden?"

"Malcolm Sugden, ndiyo mimi. Kuna nini?"

"Wa kinanda?"

"Wa nini?"

Mgeni akatoa santuri mfukoni, taratibu, kwa mikono miwili. Jalada lake lilikuwa la kijivu, na picha ya ukuta usio na dirisha. "Tenter Hill, albamu ya pili, mwaka themanini na moja. Hebu soma hapa nyuma, mzee wangu. Chini kabisa."

Malcolm akavaa miwani akasoma kwa sauti, maana ni mtu asiyeweza kusoma karatasi kimyakimya. "M. Sugden, kinanda."

Jikoni, kisu cha Janice kilisimama katikati ya kiazi.

Mgeni alijitambulisha kuwa ni Philip Crabtree, dereva wa basi mstaafu. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa akitunza orodha ya kila kitu ambacho bendi ya Tenter Hill imewahi kurekodi: albamu ishirini na nne, santuri ndogo zisizo na idadi, nyimbo zilizopigwa redioni mara moja tu, kanda zilizouzwa mlangoni siku za maonyesho, hata toleo la Ujerumani ambalo wimbo mmoja uliandikwa jina kimakosa. Bendi yenyewe ilikuwa bado hai, ingawa kati ya wale wa mwanzo alibaki mwimbaji peke yake, na watu arobaini na mmoja walikuwa wamepita humo wakaondoka, wengi wao kwa kugombana naye. Sasa kampuni ilikuwa inakusanya kazi yote katika kasha moja, na Philip ndiye aliyepewa kuandika kitabu cha kuwekwa ndani.

"Wote nimewapata, walio hai na waliokufa," alisema, tayari amekaa sebuleni bila kukaribishwa. "Kasoro mmoja. Wewe."

Malcolm akacheka. "Bwana wee, umepotea njia. Mimi hata mluzi siwezi kupiga."

"Wote husema hivyo." Philip naye akacheka, kicheko cha mtu anayejua siri. "Nikueleze nilivyokupata? Siku zile wote walikuwa wanachukua posho ya wasio na kazi. Mtu akionekana anafanya kazi na huku anatia sahihi kila wiki mbili, amekwisha. Kwa hiyo hakuna aliyeandika jina lake kwenye jalada. Mpiga ngoma aliandika jina la mbwa wa bibi yake. Mpiga gitaa aliandika jina la bucha. Lako peke yake limekaa kama jina la mtu wa kweli. Nikasema, huyu alikuwa na kazi yake, hana cha kuficha. Je, ulikuwa na kazi mwaka themanini na moja?"

"Nilikuwa nayo."

"Wapi?"

"Ofisi ya posho," alisema Malcolm. "Kaunta namba tatu."

Philip akajipiga paja. "Lo! Ulikaa palepale mdomoni mwa simba! Nani angekushuku?"

Janice aliingia na chai. Alikuwa ametia vikombe vyote maziwa bila kuuliza, jambo ambalo si kawaida yake. Philip akapokea chake bila kuinua macho. "Asante, mama," akaendelea na Malcolm wake. Alikuwa amefika kwenye wimbo wa tatu wa upande wa pili. Alieleza jinsi kinanda kinavyokuja pale, vidole viwili tu vya mkono wa kushoto, kama mtu aliyekasirika lakini hataki kupiga kelele. Alieleza jinsi noti moja inavyokosekana kila mara, pengo mahali palepale, na jinsi watu walivyoandika kurasa na kurasa kuhusu pengo hilo. Wengine walisema ni malalamiko ya viwanda kufungwa. Yeye alikuwa na maoni yake.

"Wimbo ule uliniokoa," alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na minane, sina kazi, sina rafiki. Nikasema huyu mtu ananielewa."

Janice alikuwa bado amesimama na sinia. Alihisi uso unamwaka moto, akarudi jikoni haraka kabla hajasema neno. Viazi alivyokata baada ya hapo vilikuwa vidogo mno, na pai ikatoka rojorojo.

Kabla ya kuondoka Philip aliacha fomu. Wanasheria wa kampuni walitaka kila mpigaji athibitishe kwa sahihi kwamba ndiye aliyepiga. Angeirudia Ijumaa saa sita, maana kitabu kilikuwa kinakwenda kwa mpiga chapa siku hiyohiyo.

"Na nisiposaini?" Malcolm aliuliza.

"Basi litawekwa jina la mwimbaji. Siku hizi anasema kinanda kile alipiga mwenyewe."

Mlango ulipofungwa, Malcolm alicheka mpaka akatoa machozi. Mkewe alisema ana kichwa, akapanda juu kulala saa saba mchana.

Jumatano Malcolm alikwenda kwenye klabu ya wazee, ile ya kuviringisha mipira kwenye nyasi, na huko aliwasimulia kisa chote kama mzaha. Alirudi saa kumi, mashavu mekundu, kofia upande.

"Janice! We Janice! Unajua nani kaninunulia bia? Harry Noble!"

"Harry Noble aliyekutemea mate?"

"Alitema karibu na mimi, hakunitemea mimi. Lakini ndiyo, huyohuyo. Tangu themanini na sita hata salamu hanipi, leo ananiita 'msanii wetu'. Kumbe mtoto wake wa kiume ana santuri zote za hao Tenter Hill. Wote walitaka kujua. 'Malcolm, ulikuwa unatoka usiku kwa dirisha? Malcolm, ulikuwa unavaa koti la ngozi?' Wamenivunja mbavu."

Hapa lazima isemwe wazi: Malcolm Sugden hakuwa mtu wa kununuliwa bia. Alifanya kazi ofisi ya posho miaka ishirini na tisa, na kuanzia themanini na nne hakuwa tena kaunta namba tatu. Alipandishwa cheo akawa mpelelezi, mmoja wa wale waliokuwa wanakaa ndani ya gari mtaani na daftari, wakisubiri mtu anayechukua posho atoke na ngazi ya kuoshea madirisha. Viwanda vya sufu vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine, nusu ya mji ilikuwa kwenye foleni, na nusu ya hiyo nusu ilikuwa na kibarua kidogo pembeni. Mmoja wa walioshikwa wakiwa na ngazi alikuwa Terry Whitwam, kaka yake Janice, tumbo moja. Malcolm hakumshika kwa mkono wake, lakini faili lilipita mezani kwake naye hakulizuia. Sheria ni sheria, alisema wakati ule, na tangu siku hiyo Terry hajakanyaga nyumba yao, hata kwenye mazishi ya mama yao alisimama upande wa pili wa kaburi.

"Nitasaini," alisema Malcolm, akivua viatu.

Janice alidhani hakusikia vizuri. "Utasaini nini?"

"Ile fomu. Nani anaumia? Jina ni langu, M. Sugden. Sijaiba jina la mtu."

"Hukupiga kinanda, Malcolm."

"Kwani kuna mwingine anayelia kwamba ni yeye? Mwimbaji tu, na huyo Philip anasema ni mwongo tangu kuzaliwa." Akanyoosha miguu yake mbele ya moto wa gesi. "Mara moja tu, mke wangu. Mara moja nataka niingie pale klabuni watu wasinyamaze."

Janice alimhurumia, na hapohapo akamchukia. Yeye ambaye alifokea muuza duka kwa kumrudishia chenji iliyozidi alikuwa anajiandaa kutia sahihi uongo, na uongo wenyewe ulikuwa ndio kitu kimoja maishani ambacho Janice alikifanya peke yake. Alikuwa amepika miaka ishirini na sita kwenye jiko la shule, amelea mabinti wawili, na kila mtu aliyemjua alimjua kuwa mke wa Malcolm, mama wa fulani, yule wa jikoni. Hakuwa na santuri ile nyumbani. Aliogopa kuinunua. Mara moja tu, mwaka tisini na kitu, wimbo wa tatu wa upande wa pili ulipigwa kwenye redio ya jikoni pale shuleni, akasimama na upawa mkononi mpaka mchuzi ukaungua.

Alhamisi alimfuata Malcolm kwenye kishamba chao cha mboga, kule juu nyuma ya reli. Alijua kwamba ndani ya nyumba asingeweza. Malcolm alikuwa anapalilia liki, mgongo ameupa njia.

"Malcolm, acha hilo jembe kidogo."

"Sema, nasikia."

"M. Sugden ni mimi."

"Wewe ni J. Sugden," alisema bila kugeuka.

"Nisikilize. Ile albamu, kinanda nilipiga mimi. Siku tatu, kwenye ukumbi wa kanisa la Wamethodisti, kwa sababu kile kinanda kilikuwa cha darasa la Jumapili na hawakuturuhusu kukitoa. Mpiga gitaa alikuwa anakaa nyumba ya jirani na sisi. Alijua nimefundishwa piano na shangazi."

Malcolm aligeuka sasa. Alikuwa anatabasamu, akingoja mwisho wa mzaha.

"Tulipomaliza, ndani ya gari, wakaniuliza, na wewe tukuandike nani? Nilikuwa na barua yenu mfukoni. Ile ya kuniuliza kwa nini sikuja kutia sahihi. Ilikuwa na jina chini yake. Sikukujua, Malcolm. Sikuwa nimekutazama hata usoni. Nikasoma tu jina lililokuwa chini ya barua, wakacheka, wakaliandika."

Tabasamu liliondoka polepole. Janice aliliona likiondoka, na akatamani ayarudishe maneno yake kinywani.

"Barua ya kwamba hukuja," Malcolm alisema. "Ulikuwa na homa."

"Sikuwa na homa."

"Ulikuja wiki iliyofuata unakohoa. Umejifunga skafu mpaka puani. Nilikupa leso yangu."

"Ndiyo."

"Nimewasimulia watoto. Nimesimulia kwenye harusi ya Gillian, mbele ya watu mia na ishirini! Kwamba mama yenu alitoka kitandani na homa yake, akatembea kwenye mvua kuja kutia sahihi, na mimi nikasema moyoni, huyu ni mtu mwaminifu, huyu ndiye." Sauti yake ilikuwa imepanda, na mzee wa kishamba cha pili akajifanya anatafuta kitu kwenye ndoo. "Miaka arobaini na nne, Janice. Nakuletea maua kila tarehe kumi na saba Machi kwa ajili ya homa!"

"Maua nayapenda."

"Usinifanyie utani!"

"Sikufanyii utani. Ningekuambia lini? Ulipokuwa kaunta? Ulipokuwa mpelelezi? Ningekuambia siku waliyompeleka Terry mahakamani?"

Hilo alilisema bila kupanga. Maneno ya Malcolm yalikuwa makali.

"Ulikaa kimya. Kaka yako alisimama mbele ya hakimu kwa kosa lako hilohilo, na wewe ulikuwa nyumbani kwangu unanipigia pasi shati."

"Najua nilichofanya," alisema Janice. "Huhitaji kunihesabia."

Alishuka peke yake. Jioni walikula kila mtu kwa wakati wake. Malcolm aliomba chumvi kwa kusema "tafadhali", kama aliye mgahawani.

Ijumaa saa sita kasoro robo Philip Crabtree alikuwa mlangoni. Safari hii alikuwa amevaa tai. Malcolm alimfungulia, akamwonyesha kiti, kisha akakaa kwenye kona karibu na dirisha. Fomu ilikuwa mezani, tupu.

"Mzee wangu, kalamu ninayo," alisema Philip.

"Hatasaini yeye," alisema Janice. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu la kanisani, akalijutia mara tu alipoona Philip analitazama. "Nitasaini mimi. Nilipiga mimi. Jina nililitoa kwenye barua ya ofisi, kwa masihara, na huyu nilikuja kuolewa naye baadaye. Ndivyo ilivyokuwa."

Philip aliweka kikombe chini. Uso wake ulikuwa na upole ule ambao watu humwonyesha mgonjwa. "Mama," alisema, "sikulaumu. Hutaamini, lakini wewe ni wa nne. Kuna mwanamke wa Halifax alinitumia hadi picha. Wimbo ukipendwa sana, watu huanza kujiona ndani yake."

"Lile pengo," alisema Janice. "Si malalamiko ya kitu. Kile kitufe kilikuwa kimekufa. Kila nikikigonga, kimya, basi nikawa nakiruka."

"Hilo mpiga ngoma alilisema kwenye jarida la mashabiki mwaka tisini na nne. Kila mtu analijua."

"Mimi silijui jarida lolote."

"Basi nipigie kidogo," alisema Philip, akasogeza sahani ya biskuti. "Hapa mezani tu. Mkono wa kushoto. Nitatambua."

Janice aliweka mkono juu ya meza. Viungo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa baridi yabisi miaka kumi sasa, na kile cha shahada kilikuwa kimepinda kabisa. Aligonga mara tatu, mara nne. Kidole kilikataa kufika kilikotumwa. Akajaribu tena. Ilikuwa ni kama kumtazama mtu akitafuta funguo mbele ya watu, na Philip, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaangalia pembeni.

"Inatosha, mama. Usijiumize." Akamgeukia Malcolm. "Mzee, muda umekwisha. Ni wewe au ni mwimbaji."

Janice aliuondoa mkono wake mezani akauficha mapajani. Alikuwa anajizuia asilie mbele ya mgeni, na alijua hataweza kwa muda mrefu.

"Una kitabu cha kuandikia?" Malcolm aliuliza kutoka kwenye kona.

"Ninacho."

"Basi andika." Alisimama, akafunga kifungo cha sweta. Janice hakuwa ameisikia sauti hiyo tangu siku mumewe alipostaafu, sauti kavu ya mtu anayesoma faili mbele ya hakimu. "Jumanne, tarehe kumi Machi, elfu moja mia tisa themanini na moja, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Huyu mwanamke alitakiwa kufika kaunta namba tatu kutia sahihi kwamba hana kazi. Hakufika. Siku hiyohiyo mchana niliandika barua ya kumtaka aeleze sababu, nikaitia sahihi mwenyewe. Tarehe kumi na saba alifika akasema alikuwa anaumwa. Hakuleta cheti cha daktari. Sikukidai, na nilipaswa kukidai. Maelezo yale yalikuwa ya uongo. Alikuwa kazini."

Philip alikuwa ameacha kuandika tangu kwenye tarehe.

"Nani amekuambia tarehe kumi?"

"Hakuna aliyeniambia. Naijua."

"Kwenye sanduku la kanda imeandikwa kumi hadi kumi na mbili Machi," Philip alisema polepole. "Nililiona kwa macho yangu mwaka jana, kwenye ghala la kampuni. Tarehe hiyo sijaichapisha popote. Nilikuwa naitunzia kitabu." Alimtazama Malcolm, kisha kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile alimtazama Janice vizuri, kuanzia nywele mpaka mikono aliyoificha. "Ni wewe," alisema. "Mama yangu. Ni wewe."

"Nilikuambia," alisema Janice.

"Kama ningekuwa bado kazini," alisema Malcolm, akimwambia mkewe lakini akitazama dirishani, "ningekupeleka mahakamani."

"Najua."

"Na kwa Terry tutakwenda. Jumapili. Wote wawili. Sijui nitasema nini, lakini tutakwenda."

Janice aliitikia kwa kichwa, machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

Philip aliivuta fomu karibu, akapiga mstari mmoja juu ya herufi M. "Niandike Janice Sugden, au siyo? Kinanda, Janice Sugden?"

Lingekuwa jambo rahisi kusema ndiyo. Malcolm alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwake.

"Hapana," alisema Janice. "Mwaka huo sikuwa Sugden. Andika Whitwam."

Kalamu ya Philip ilisimama juu ya karatasi, na Janice hakuthubutu kumtazama mumewe.

"Lina herufi ngapi hilo?" Philip aliuliza. "Nisije nikalikosea sasa hivi."

Malcolm alikuja mezani, akainama juu ya bega lake.

"Lina H moja tu," alisema. "Watu wengi huongeza ya pili. W, H, I, T, W, A, M. Andika hivyohivyo bwana, nilikuwa naliandika kila baada ya wiki mbili."